Kabla ya kununua kamba na redio: kwa msomaji anayetaka kuanzisha kikosi cha kujitolea cha utafutaji na uokoaji

Swali: "Mzee mmoja mwenye maradhi ya kusahau alitoweka jirani na kwetu. Tulijitokeza watu zaidi ya mia moja, tukajipanga mstari na kupita mashamba na vichaka kwa siku mbili. Siku ya tatu alipatikana akiwa hai lakini hoi, ndani ya mtaro wenye nyasi ndefu usio mbali na nyumbani kwake, mahali ambapo kundi letu lilikuwa limepita siku ya kwanza. Sasa tumekubaliana watu wachache tuunde kikosi cha kujitolea. Tuanze na vifaa gani? Je, kikosi hichohicho kinaweza kuokoa watu kwenye majengo yaliyoporomoka na kwenye mafuriko? Na umati unaojitokeza bila kuitwa tuufanyeje?"

Jibu: Nitaanza na jambo ambalo umelitaja kwa kupita tu, kwa kuwa ndilo litakaloamua kama mtakuwa kikosi chenye faida au umati wenye sare. Mzee alipatikana mahali ambapo mlikuwa mmeshapita. Msilaumiane kwa hilo. Katika kazi ya kutafuta watu, tukio la namna hiyo ni la kawaida, na mara nyingi halitokani na uzembe wa aliyepita pale bali na swali ambalo hakuna aliyemuuliza aliporudi: kama kungekuwa na mtu amelala pale kimya, ungemwona? Mtu mkweli angejibu kwamba kwenye njia angemwona, kwenye shamba lililokwisha kuvunwa angemwona, lakini kwenye nyasi zinazofika kiunoni pengine asingemwona hata akiwa hatua tano tu kutoka alipolala. Jibu hilo lingeandikwa, mtaro ule ungetafutwa upya jioni ileile.

Wataalamu wa utafutaji hutenganisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. La kwanza ni uwezekano kwamba anayetafutwa yumo katika eneo fulani. La pili ni uwezekano wa kumgundua iwapo kweli yumo. Misingi ya hesabu hiyo iliwekwa wakati wa Vita Kuu ya Pili na Bernard Koopman na wenzake, waliokuwa wakilisaidia jeshi la wanamaji la Marekani kusaka nyambizi baharini, na baadaye ikahamishiwa nchi kavu. Mfano wa kubuni utalifafanua jambo hili. Tuseme mlikadiria kwamba mtaro na mazingira yake vina uwezekano wa asilimia 40 wa kuwa na mzee, na kwamba mstari wenu, kwa jinsi nyasi zilivyokuwa ndefu, ulikuwa na nafasi ya nusu tu ya kumwona. Mmepita, hamkumwona. Watu wengi hapo hulifuta eneo hilo kwenye ramani. Hesabu inasema vingine: asilimia 20 zimeondoka, asilimia 20 zimebaki kati ya 80 zilizosalia kwa jumla, na kwa hiyo eneo lile bado lina robo nzima ya uwezekano wote. Huenda bado linayazidi maeneo mengine yote ambayo hamjayagusa. Mkipita mara ya pili kwa upande mwingine na kwa umakini uleule, uwezekano unashuka hadi karibu asilimia 14, na hapo ndipo kuhamia kwingine kunaanza kuwa na mantiki.

Si lazima kila mwanakikosi awe mwanahisabati. Kinachohitajika ni kwamba kila kundi linaporudi liseme limepita wapi, kwa nafasi gani kati ya mtu na mtu, katika mwanga gani, na ni sehemu zipi ambazo halikuweza kuzifikia au kuziona vizuri. Kauli yenye thamani kubwa kuliko zote katika taarifa ya mtafutaji ni ile ya kukiri kwamba kuna kichaka fulani hakuingia kwa sababu ya miiba. Kiongozi anayewakaripia watu kwa kauli kama hiyo anajiharibia kazi mwenyewe, kwa maana kesho yake watamwambia wamemaliza eneo lote.

Nafasi kati ya mtu na mtu nayo haikisiwi tu. Kabla ya kuanza, chukueni kitu chenye ukubwa na rangi inayokaribiana na mtu aliyelala, kwa mfano gunia lililovikwa nguo za rangi iliyotajwa na familia, mkiweke katika mimea ya aina ileile mtakayotafuta. Mtu mmoja arudi kinyumenyume hadi gunia lipotee machoni, ahesabu hatua. Kisha aende mbali zaidi na kusogea kuelekea gunia hadi alione tena, ahesabu hatua. Arudie hivyo kutoka pande kadhaa. Wastani wa hatua hizo ndio uwezo halisi wa jicho katika mazingira hayo, na nafasi kati ya watafutaji ipangwe kwa kuufuata. Mara nyingi wastani huo huwa mdogo hadi watu wanashangaa. Jambo jingine ambalo mazoezi hulifunza haraka ni kugeuka nyuma: mtu aliyejibanza upande wa pili wa gogo au wa kingo ya mtaro haonekani kwa anayekwenda, ila huonekana wazi kwa anayegeuza shingo kila baada ya hatua chache.

Mstari mrefu wa watu, kwa maoni yangu, unapendwa kupita kiasi. Unapendwa kwa sababu unampa kila mtu la kufanya na kwa sababu unapendeza kwenye picha, lakini ni wa polepole, unakula watu wengi, na unakanyaga kila alama iliyokuwa chini. Una mahali pake, hasa baadaye, eneo likishapunguzwa au inapotafutwa silaha ama kipande cha nguo. Saa za mwanzo ni za makundi madogo ya watu watatu hadi watano, yenye mwendo mwepesi, yanayopelekwa moja kwa moja kwenye sehemu zenye uwezekano mkubwa: njia, kingo za maji, majumba mabovu, na mahali ambapo mtu huyo alizoea kwenda.

Sehemu hizo zinajulikanaje? Kwa kuhoji, na kwa kuzijua tabia za waliopotea. Mmarekani Robert Koester amekusanya kumbukumbu za makumi ya maelfu ya matukio kutoka nchi mbalimbali, na kumbukumbu hizo zinaonyesha kwamba watu wa aina moja hupotea kwa namna zinazofanana. Mtu mwenye maradhi ya kusahau kwa kawaida hajioni kuwa amepotea. Anakwenda mahali, pengine nyumba aliyoishi zamani au kazini alikostaafu, huelekea mbele hadi akwame kwenye kichaka, mtaro au uzio, na hapo hubaki. Haombi msaada kwa sauti, na akiitwa mara nyingi haitiki. Ndiyo maana wengi wao hupatikana karibu na walipoonekana mara ya mwisho, hatua chache nje ya njia, na ndiyo maana mtaro wa karibu na nyumbani ulistahili kutafutwa mara tatu kabla ya mtu yeyote kupelekwa kilomita nane mbali. Mtoto mdogo wa miaka miwili au mitatu hajui maana ya kupotea. Huingia mahali palipojificha na kulala, hata ndani ya nyumba yenyewe. Mwenye umri wa kwenda shule anaweza kujificha kwa makusudi akisikia wageni wanaita jina lake, ama kwa sababu amefundishwa asiwasogelee watu asiowajua, ama kwa kuogopa kuadhibiwa. Mtu aliyeondoka akiwa na nia ya kujidhuru kwa kawaida haendi mbali, naye hataki kupatikana. Msafiri wa milimani aliyepotea, kinyume chake, huendelea kutembea, mara nyingi akifuata mteremko au njia aliyodhani ndiyo.

Kwa hiyo mtu wa kwanza mnayemhitaji ni mhoji mzuri. Mwenye kamba anaweza kungoja. Mhoji huyo aketi na familia mbali na kelele, aulize aliyepotea alivaa nini na viatu gani, anatumia dawa gani na akizikosa nini hutokea, anaogopa nini, anaitika akiitwa kwa jina gani, na nani hasa alimwona mwisho kwa macho yake. Hilo la mwisho lina uzito wa pekee. Mara nyingi "ameonekana sokoni" ni habari iliyopita midomo minne, na ukiifuatilia unakuta aliyeanza kuisema alimwona mtu mwenye shati linalofanana. Nyumba itafutwe upya na mtu asiye wa familia, chini ya vitanda, ndani ya makabati, kwenye matangi na magari, hata kama familia imeapa kwamba imeshatafuta. Wakati huohuo wawekwe watu kwenye njia panda, vituo vya magari na madaraja ili eneo lisiendelee kutanuka. Nguo aliyoivaa au foronya aliyoilalia isishikwe na mtu yeyote. Iwekwe kwenye mfuko safi kwa ajili ya mbwa wa kunusa iwapo watapatikana. Na polisi waarifiwe mara moja. Imani kwamba ni lazima kusubiri saa 24 kabla ya kutoa taarifa ni imani potofu yenye madhara makubwa.

Nyayo zinahitaji aya yake. Aliyepotea ni mmoja, lakini kila hatua aliyopiga ni dalili, kwa hiyo anayetafuta dalili ana nafasi nyingi kuliko anayetafuta mtu pekee. Unyayo husomeka vizuri mwanga unapokuwa chini, asubuhi na jioni, kwa kuwa ukingo wake hutupa kivuli. Saa sita mchana alama ileile inaweza kupotea kabisa. Usiku mnaweza kuutengeneza mwanga huo kwa kushika tochi karibu kabisa na ardhi, upande wa pili wa alama, miale ikielekea kwenu. Mkiupata unyayo, pimeni urefu na upana wake, uchoreni pamoja na michirizi ya soli, pimeni umbali hadi hatua inayofuata, kisha uwekeeni uzio wa vijiti au uufunikeni kwa boksi. Kijiti chenye urefu wa hatua moja, kikizungushwa polepole kutoka kwenye kisigino cha unyayo wa mwisho, huonyesha mahali ambapo unyayo unaofuata unapaswa kuwa, na jicho hugundua majani yaliyolala au kokoto iliyobanduka ambayo lisingeitambua bila kuelekezwa. Ujuzi huu haugharimu chochote isipokuwa muda, na watu kumi waliofanya mazoezi nao watafanya makubwa kuliko mia waliokanyaga kila kitu.

Kuhusu vifaa, nunueni kwa mpangilio huu: viatu imara, filimbi, tochi ya kichwani na betri za akiba kwa kila mtu, maji, sanduku la huduma ya kwanza, ramani ya eneo iliyochapishwa na kugawanywa vipande vyenye namba, daftari na kalamu za risasi zinazoandika hata karatasi ikiwa imelowa. Redio za mawasiliano zifuate, kwa utaratibu wa leseni uliopo. Droni ije mwisho, na isirushwe kamwe bila idhini ya anayeongoza operesheni, kwa sababu droni moja isiyojulikana inatosha kuilazimisha helikopta ya uokoaji itue.

Sasa majengo yaliyoporomoka. Katika matetemeko mengi makubwa, watu wengi wanaotolewa hai hutolewa katika saa za mwanzo na majirani na ndugu zao, kwa mikono na zana za kawaida, kabla ya kikosi chochote cha kitaalamu kufika. Katika tetemeko la jiji la Mexico mwaka 1985, waliojitolea bila mafunzo wanahesabiwa kuwa waliokoa watu zaidi ya 800, lakini zaidi ya 100 kati yao walipoteza maisha katika kazi hiyo. Takwimu hizo mbili zisomwe pamoja kila mara. Ni uzoefu wa tetemeko hilo, na wa lile la Armenia mwaka 1988, uliochangia kuundwa mwaka 1991, chini ya Umoja wa Mataifa, kwa mtandao wa ushauri wa utafutaji na uokoaji unaojulikana kama INSARAG. Kwa viwango vyake, kikosi kizito cha kimataifa kinapaswa kuwa na uwezo wa kufanya kazi usiku na mchana katika maeneo mawili kwa siku kumi. Ninataja kiwango hicho ili muone umbali uliopo kati ya kikosi cha namna hiyo na kikosi cha mtaa, na msijaribu kuziba umbali huo kwa ujasiri.

Kikosi chenu kinaweza kufanya yafuatayo, na si madogo: kuhesabu nani alikuwa ndani na katika chumba gani, kuzima umeme na gesi pale panapofikika kwa usalama, kuwatoa waliolala juu ya kifusi au waliofunikwa na vitu vyepesi, kuweka alama kwenye majengo yaliyokaguliwa, na kusikiliza. Kusikiliza kuna utaratibu wake. Injini zote zinazimwa, watu wote wanasimama pale walipo, mmoja anaita na kugonga bomba au nguzo mara tatu, kisha kimya kamili. Watu waliopangwa kuuzunguka mrundiko wananyoosha mkono kuelekea sauti waliyoisikia, na pale mikono inapokutana ndipo pa kuanzia. Jengo lililoinama, lenye ghorofa zilizolaliana, au linaloendelea kudondosha vipande haliingiwi, hata kama sauti inasikika ndani. Aliyebanwa kwa dakika chache atolewe mara moja. Aliyebanwa paja au mguu kwa saa kadhaa ni suala jingine, kwa kuwa misuli iliyopondeka hujaa potasiamu na sumu nyingine, na mzigo ukiondolewa ghafla hizo hurudi kwenye moyo, na mtu aliyekuwa akizungumza nanyi anaweza kufa mbele ya macho yenu. Huyo anahitaji mhudumu wa afya na dripu kabla ya kunyanyuliwa jiwe. Kazi yenu ni kukaa naye, kumfunika asipate baridi, na kuhakikisha mhudumu anafika.

Kwenye maji jibu langu ni kali zaidi. Maji ya mafuriko yenye kina cha sentimita 15 tu, yakienda kasi, yanaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 60 huyabeba magari mengi. Mfundishane kumfikia mtu kwa mti mrefu, kumrushia kamba au kitu kinachoelea mkiwa mmesimama mahali pakavu, na kuweka mtu ukingoni, upande maji yanakotokea, wa kutoa tahadhari ya magogo yanayokuja. Kuingia majini ni kwa waliofunzwa uokoaji wa maji yaendayo kasi, waliovaa jaketi la kuokolea, na hata wao hawajifungi kamba kiunoni kwa fundo, kwa maana mkondo humzamisha mtu aliyefungwa. Visima, mashimo ya maji taka na matangi yawe mwiko kabisa. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilieleza mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya vifo vya kwenye nafasi finyu zilizofungika vilikuwa vya watu walioingia kumwokoa mwingine. Hewa mbaya haina dalili ya kuaminika kwa pua, na wa pili hufuata wa kwanza akidhani ameteleza tu.

Sisemi haya kwa kuwadharau wanaojitolea. RNLI, taasisi ya mashua za uokoaji ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1824, hadi leo hutegemea kwa sehemu kubwa mabaharia wa kujitolea. Wavulana 12 na kocha wao walipokwama katika pango la Tham Luang nchini Thailand mwaka 2018, waliowagundua walikuwa wazamiaji wawili wa mapangoni kutoka Uingereza ambao hawakuwa askari wala waajiriwa wa uokoaji, bali watu waliokuwa wamelima uwanja mmoja mwembamba kwa miaka mingi. Katika operesheni hiyohiyo alikufa Saman Kunan, mwanamaji wa zamani wa kikosi maalumu cha Thailand aliyekuja kwa kujitolea, akitoka kupeleka mitungi ya hewa. Kwa hiyo chagueni uwanja mmoja, nao uwe utafutaji wa watu waliopotea nchi kavu. Mkiumudu, mtaona wenyewe kama mna watu na walimu wa kuongeza wa pili.

Umati unaojitokeza bila kuitwa usifukuzwe, kwa kuwa ukifukuzwa utakwenda kutafuta wenyewe bila kumwambia mtu. Wekeni meza moja mbali kidogo na kituo cha uongozi. Kila anayefika aandikishe jina, namba ya simu, ujuzi alionao na saa aliyofika, apewe kazi, na asaini tena anapoondoka. Bila hivyo mtajikuta usiku mnamtafuta mtafutaji. Wenyeji wanaojua vijia wagawanywe, mmoja kwa kila kundi lililofunzwa. Wengine walinde njia panda, wapike, waendeshe magari, wachapishe picha, wapige simu hospitalini. Ndugu wa karibu wasipelekwe mstari wa mbele, maana wao ndio wanaoweza kukuta mwili. Wapewe mtu mmoja wa kudumu wa kuwaletea habari, na asiwaahidi jambo lolote. Mkikuta aliyefariki, msiguse, msipige picha, rudini kwa njia mliyoingilia na kuwaita polisi kwa maneno ya siri yaliyokubaliwa, kwa sababu redio husikika na watu wengi. Na picha ya aliyepotea iliyosambazwa mitandaoni iondolewe mara akipatikana. Ugonjwa wake na anwani yake visiendelee kuzunguka miaka mitano baadaye.

Jambo ambalo hukuuliza, lakini litawafika, ni lini kuacha. Uamuzi huo ni wa polisi au mamlaka inayoongoza, si wenu, ila utategemea karatasi zenu: ni maeneo gani yametafutwa, mara ngapi, kwa uwezo gani wa kuona, na mtu wa umri na afya ile anaweza kuishi muda gani katika hali ya hewa iliyopo. Familia iambiwe ana kwa ana, na mtu mwenye mamlaka, ramani ikiwa mezani, kwamba utafutaji umesitishwa na utafufuliwa dalili mpya ikipatikana. Watafutaji waliochoka waruhusiwe kuzungumza au kunyamaza kama wapendavyo, bila kulazimishwa kusimulia walichokiona usiku uleule, na wiki zinazofuata mtu ateuliwe wa kuwajulia hali. Ramani, orodha ya walioshiriki na taarifa za kila kundi zihifadhiwe kwenye jalada moja ambalo kiongozi mpya anaweza kulifungua miezi sita baadaye na kuelewa, bila kumpigia mtu simu, ni kipande gani cha ardhi bado hakijatazamwa vya kutosha.